Safari ya masomo: yale shule za Japani zinafundisha juu ya amani, na yale Likasi inaweza kuanza

Somo hili limetayarishwa kwa jamaa zilizohama makwao, kwa jamaa zinazozipokea, na kwa walimu, machifu na wakubwa wa kartiye. Linaweza kusomwa kwa sauti katika kikao cha saa moja na nusu. Asiyejua kusoma asikilize na kuchangia kama wengine.

LENGO LA SOMO

Mwishoni mwa somo hili, washiriki wataweza:
- kueleza uhusiano uliopo kati ya eneo letu na mji wa Hiroshima;
- kueleza safari ya masomo ya wanafunzi wa Japani inavyopangwa;
- kupanga safari ndogo ya masomo hapa kwetu, itakayochanganya watoto wenyeji na watoto waliohama.

1. KWA NINI JAPANI?

Pengine mzazi mmoja atauliza: sisi tunatafuta unga, kalamu za watoto na mahali pa kulala, Japani inatuhusu nini? Swali hilo ni la haki. Jibu ni kwamba nchi hiyo na eneo letu zimeunganishwa na historia ambayo watoto wetu wengi hawajaisikia darasani.

Kilomita kama 20 kutoka Likasi kuna Shinkolobwe. Mawe ya uraniamu yaligunduliwa pale mwaka 1915, na kampuni ya Union Minière ikaanza kuyachimba mwaka 1921. Mwanzoni Wabelgiji walitaka radiamu iliyomo ndani yake, ambayo iliuzwa kwa bei kubwa sana kwa ajili ya kutibu kansa. Vita vya pili vya dunia vilipoanza, mkubwa wa kampuni hiyo, Edgar Sengier, alisafirisha zaidi ya tani 1,000 za mawe hayo mpaka New York mwaka 1940. Mwaka 1942 jeshi la Marekani likayanunua. Tarehe 6 Agosti 1945, saa mbili na robo asubuhi, bomu moja la atomiki lilianguka juu ya mji wa Hiroshima. Sehemu kubwa ya uraniamu ya bomu hilo ilitoka Shinkolobwe.

Waliochimba na kuchagua mawe hayo kwa mikono walikuwa baba na babu za watu wa hapa. Hawakuambiwa mawe yanaenda kufanya kazi gani. Jambo lote lilifanywa kwa siri.

Mgodi ulifungwa mwaka 1960, lakini habari yake haikuishia hapo. Baadaye wachimbaji wa mkono walirudi kutafuta kobalti na shaba. Mwezi Januari 2004 serikali ilikataza uchimbaji huo. Mwezi Julai mwaka huohuo shimo liliporomoka na kuua watu, na wale waliokuwa wakiishi pale waliondolewa. Shinkolobwe inatukumbusha watu waliouawa mbali na watu waliofukuzwa karibu.

Kuna uhusiano mwingine ambao wazee wanaukumbuka. Katika miaka ya 1970 na mwanzo wa miaka ya 1980, Wajapani walichimba shaba kule Musoshi, upande wa Kasumbalesa. Walipoondoka, waliacha nyuma watoto waliozaa na mama za Kikongo, na baadhi ya watoto hao, ambao sasa ni watu wazima, wanaendelea kutafuta baba zao. Kwa hiyo tunapoongea juu ya Japani hatuongei juu ya nchi ya hadithi. Tunaongea juu ya watu ambao maisha yao yamegusana na ya kwetu, kwa mema na kwa mabaya.

2. SAFARI YA MASOMO YA WAJAPANI NI NINI?

Katika Japani, karibu kila mtoto wa shule hufanya safari kubwa pamoja na darasa lake kabla ya kumaliza shule. Wanaiita *shugaku ryoko*, maana yake safari ya kukamilisha masomo. Desturi hiyo ina zaidi ya miaka 100. Mwaka 1886 wanafunzi wa chuo cha ualimu cha Tokyo walitembea kwa miguu siku nyingi kuelekea upande wa Chiba, wakijifunza njiani, na shule nyingine zikafuata.

Leo wanafunzi wanasafiri kwa treni na basi. Wengine huenda Kyoto na Nara kuona mahekalu ya zamani. Wengine wengi huenda Hiroshima, Nagasaki au Okinawa, mahali ambapo vita viliumiza watu sana. Kinachotuhusu ni namna safari hiyo inavyopangwa. Ina sehemu tatu.

Kabla ya safari. Mwalimu hawachukui watoto na kuwapandisha tu kwenye treni. Kwa wiki au miezi darasa linajifunza juu ya mahali wanapokwenda. Watoto wanagawanywa katika vikundi vidogo, na kila mmoja anapewa kazi: huyu ataangalia saa, huyu ataandika, huyu ataangalia afya ya wenzake. Mara nyingi wanakunja pia ndege wa karatasi, korongo, hadi wafike 1,000.

Wakati wa safari. Watoto wanalala pamoja, wanakula pamoja, wanasikiliza watu wa mahali hapo, wanauliza maswali na kuandika majibu. Kikundi kikipotea njia, kinajifunza kuuliza kwa adabu.

Baada ya safari. Kila kikundi kinatoa ripoti mbele ya wanafunzi wengine au mbele ya wazazi. Safari isiyo na ripoti ni matembezi tu.

3. SIKU MOJA HIROSHIMA

Mwanafunzi anayefika Hiroshima anaona kwanza jengo lililobaki mifupa mitupu, na juu yake chuma cha paa la duara. Wenyeji walibishana miaka mingi kama walibomoe au waliache. Wengine walisema linaleta machozi. Mwishowe waliliacha, na mwaka 1996 UNESCO iliweka jengo hilo katika orodha ya urithi wa dunia.

Karibu na hapo kuna makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 1955. Ndani yake kuna vitu vidogo: saa iliyosimama, kisanduku cha chakula kilichoungua, nguo za watoto wa shule. Siku ile maelfu ya wanafunzi wa miaka 12 na 13 walikuwa nje mjini wakifanya kazi ya kuondoa nyumba, ili kufungua njia za kuzuia moto. Wengi wao hawakurudi nyumbani. Inakadiriwa kwamba mpaka mwisho wa mwaka 1945 watu kama 140,000 walikuwa wamekufa katika mji huo.

Halafu kuna mnara wa watoto, uliofunguliwa tarehe 5 Mei 1958. Unamkumbuka msichana Sadako Sasaki. Alikuwa na miaka 2 bomu lilipoanguka, na alionekana mzima. Miaka kumi baadaye alipata ugonjwa wa damu. Hospitalini alikunja korongo wa karatasi akitumaini kupona, kwa sababu katika Japani korongo 1,000 ni alama ya ombi la uzima. Alifariki mwezi Oktoba 1955, akiwa na miaka 12. Wanafunzi wenzake ndio walioanza kutafuta michango ya kumjengea mnara, na watoto wa shule nyingi wakajiunga nao.

Waliookoka bomu wanaitwa *hibakusha*. Kwa muda mrefu maisha yao yalikuwa magumu. Wengine walifichwa na jamaa zao, wengine walikataliwa katika ndoa na kazi, kwa sababu watu waliogopa kwamba wana ugonjwa. Ndugu waliohama makwao wataelewa haraka jambo hili: kuumizwa mara ya kwanza na vita, na mara ya pili na macho ya majirani. Lakini hibakusha walijiunga pamoja, wakaunda chama mwaka 1956, wakaanza kwenda mashuleni kusimulia. Chama hicho, Nihon Hidankyo, kilipewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2024.

Sasa wengi wao wamefariki au wamezeeka sana. Kwa hiyo tangu mwaka 2012 mji wa Hiroshima unafundisha watu wa kizazi kipya wasiokuwepo siku ile. Wanakaa na mzee mmoja kwa muda mrefu, wanajifunza habari yake vizuri, wanapata ruhusa yake, kisha wanaisimulia kwa niaba yake. Ni kama kurithi shamba, isipokuwa kinachorithiwa ni ushuhuda.

4. SOMO HALIWI LA KWELI LIKIFICHA UPANDE MMOJA

Hapa tunawaomba viongozi wasimame kidogo. Japani haikuwa nchi iliyopigwa tu. Jeshi lake lilivamia China na nchi nyingine za Asia, likaua na kutesa watu wengi. Tarehe 7 Desemba 1941 lilishambulia Pearl Harbor, na hivyo kuanza vita na Marekani. Mwalimu anayeeleza Hiroshima bila kueleza hayo anafundisha nusu ya habari, na nusu ya habari mara nyingi huzaa chuki mpya.

Tena, waliokufa Hiroshima hawakuwa Wajapani peke yao. Kulikuwa na maelfu ya Wakorea, wengi wao wakiwa wameletwa kufanya kazi. Mnara wao ulijengwa mwaka 1970, lakini ulikuwa nje ya bustani ya amani. Uliingizwa ndani mwaka 1999 tu. Ilichukua karibu miaka 30 watu kukubali kwamba wafu wa kabila lingine walie nao mahali pamoja.

Tukirudi kwetu: katika mwaka 1992 na 1993, hapa Likasi, maelfu ya watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa nyumbani na kazini. Walilala kwenye kituo cha treni na katika majengo ya shule wakingojea treni, na wengi walikufa kwa njaa na magonjwa. Baadaye, katika miaka ya 2000, jamaa nyingine zilitoroka vita vya Mitwaba, Manono na Pweto, pande ambazo watu waliziita pembe tatu ya kifo. Kila kundi lina wafu wake. Kila kundi linaweza kusimulia habari yake na kunyamazia ya jirani. Mtoto anayesikia habari moja tu nyumbani, anaipeleka shuleni kama jiwe mfukoni.

Wazazi wengine wanaona ni heri kunyamaza kabisa ili watoto wasahau. Tunaelewa woga huo. Lakini mtoto hasahau kile ambacho hakuambiwa vizuri. Anakitafuta mtaani, na mtaani atakipata kikiwa kimechanganywa na matusi.

5. LUGHA INAFUNGUA MLANGO

Sehemu moja ya safari ya masomo ni kujifunza salamu na desturi za wengine. Msomaji wa Kiswahili atashangaa kuona kwamba Kijapani hakimpi shida sana katika matamshi. Kina vokali tano kama zetu, na silabi karibu zote zinaishia kwa vokali. Hata kuna maneno yanayofanana kwa sauti ingawa maana ni tofauti. Kwa Kijapani *nani* maana yake ni "nini". Na *mimi* maana yake ni "sikio". Mwalimu anaweza kuwachekesha watoto kwa neno hilo, kisha awaambie: kila mara unaposema "mimi, mimi", mkumbuke Mjapani, utege sikio kwanza.

Maneno mengine ya kujaribu:
- *Ohayo gozaimasu*: habari za asubuhi.
- *Arigato gozaimasu*: asante sana.
- *Itadakimasu*: neno la kabla ya kula. Ni kushukuru kwa ajili ya chakula, kwa aliyekilima na aliyekipika.
- *Tadaima*: nimerudi. Mtoto anasema hivyo akiingia nyumbani.
- *Okaerinasai*: jibu la mwenye nyumba, yaani karibu, umerudi salama.
- *Heiwa*: amani.

Kwa watu walioacha nyumba zao, maneno mawili ya *tadaima* na *okaerinasai* yana uzito. Waulizeni watoto: nani anakuambia karibu unaporudi jioni? Majibu yatawafundisha viongozi mambo mengi juu ya hali ya jamaa.

Katika shule za Japani kuna desturi nyingine inayofaa kuigwa. Wanafunzi wenyewe wanafagia darasa, wanapangusa sakafu, na wanagawiana chakula cha mchana kwa zamu. Mtoto wa tajiri na mtoto wa maskini wanashika fagio moja.

Wala msidhani kwamba sisi tu ndio tunajifunza kwao. Chuo Kikuu cha Osaka kinafundisha Kiswahili, na redio ya Japani, NHK, kwa miaka mingi imetangaza kwa lugha yetu na kutoa masomo ya Kijapani kwa Kiswahili. Kijana wa Kikula mwenye simu na hamu ya kusoma hana haja ya kungoja visa ili aanze.

6. SAFARI YA MASOMO BILA NDEGE

Tiketi ya kwenda Japani ni ndoto kwa shule nyingi. Lakini zile sehemu tatu, yaani kutayarisha, kwenda na kutoa ripoti, hazihitaji ndege. Hapa kuna mpango ambao shule na kamati ya kartiye wanaweza kuufanya kwa mwezi mmoja.

Hatua ya kwanza: makubaliano. Mkubwa wa shule, mkubwa wa kartiye, wajumbe wa jamaa zilizohama na wajumbe wa wenyeji wakae pamoja. Wakubaliane mahali pa kwenda na watu watakaosimulia. Serikali ya komine ijulishwe mapema, ili mtu yeyote asidhani ni mkutano wa siasa.

Hatua ya pili: vikundi. Watoto watano kwa kila kikundi, wakichanganywa: wenyeji na waliohama, wasichana na wavulana. Kila mtoto apewe kazi yenye jina. Yule mgeni kabisa asipewe kubeba mifuko tu. Apewe kazi ya kuandika au kuongoza.

Hatua ya tatu: salamu. Kwa wiki moja, kila mtoto afundishe kikundi salamu za kwao. Wa Kasai atasema *moyo*, neno linalotakia uzima. Mbemba atasema *mulishani*. Mluba wa Katanga atafundisha *wafwako*, neno la shukrani. Watoto wakishaimba salamu hizo njiani, itakuwa vigumu kuzigeuza kuwa matusi.

Hatua ya nne: mwendo. Chagueni mahali pasipozidi matatu, panapofikika kwa miguu: kituo cha treni, shule ya zamani iliyowahi kupokea watu, soko ambamo watu wa makabila yote wanauza. Kila mahali mzee mmoja asimulie kwa dakika kumi, kisha watoto waulize. Inafaa mzee wa upande mmoja na mzee wa upande mwingine wasimulie siku hiyohiyo, wakiwa pamoja.

Hatua ya tano: ripoti. Baada ya wiki moja, vikundi vieleze mbele ya wazazi kile walichosikia. Vinaweza kutumia mchoro, wimbo au mchezo wa kuigiza. Mwishoni watoto waseme jambo moja watakalofanya pamoja, kama kufagia kisima au kupanda miti.

7. MAONYO

- Msipeleke watoto Shinkolobwe. Eneo limekatazwa, na mionzi yake haionekani kwa macho wala haina harufu. Ielezeni historia yake darasani.
- Msimlazimishe mtu kusimulia. Mama aliyepoteza watoto asifanywe kuwa maonyesho. Akikubali leo na kukataa kesho, mheshimuni.
- Mtoto akilia au kunyamaza ghafula, mtu mzima anayemjua akae naye pembeni. Asiulizwe maswali mbele ya wengine.
- Wasimulizi wasitaje majina ya majirani wanaowashtaki. Mashtaka yana mahali pake, na darasa si mahakama.
- Msiahidi watoto safari ya ng'ambo wala zawadi. Ahadi isiyotimizwa inaumiza zaidi mtoto ambaye amekwisha kupoteza mengi.

8. MASWALI YA KUJADILIANA

1. Nani kati yetu alijua kwamba uraniamu ya Hiroshima ilitoka karibu na Likasi? Alisikia wapi?
2. Wachimbaji hawakujua mawe yanaenda wapi. Je, leo tunajua madini tunayochimba yanaenda kufanya nini?
3. Watu wa Hiroshima waliacha jengo moja lililobomoka ili liwe ukumbusho. Hapa kwetu ni mahali gani pangefaa kuhifadhiwa, na nani angekataa? Kwa sababu gani?
4. Wakorea walingoja karibu miaka 30 mnara wao uingie ndani ya bustani. Katika kartiye yetu, ni wafu wa nani ambao bado hatujakubali kuwalilia pamoja?
5. Wazee gani wanaoishi kati yetu wana ushuhuda ambao utapotea wakifariki? Ni kijana gani anaweza kukaa nao na kuupokea?

KAZI YA NYUMBANI

Kabla ya kikao kijacho, kila mshiriki ajifunze salamu moja ya kabila la jirani ambaye hajawahi kumtembelea. Aende nyumbani kwake, amsalimie kwa salamu hiyo, na amuulize swali moja tu: "Ulifikaje Likasi?" Asijibu, asibishe, asikilize. Katika kikao, atueleze alichojifunza, kama mwenye nyumba amemruhusu.

Viongozi watakaopanga safari ya watoto wanaombwa kuandika majina ya wale mahali watakapopita na siku watakayotoka, ili kamati nyingine za Kikula, Shituru na Panda zipate kuja kutazama na kufanya kama wao.